Maiki ya Masikio Mawili

Jumatatu, 1 Julai 1996

Imekuja! Dastan amerudi kutoka stendi na kiboksi kidogo, amekikumbatia kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga. Nikadhani ni zawadi yangu. Kumbe ni maikrofoni. Sikukasirika hata kidogo. Mwanamume akirudi nyumbani na uso unaong'aa vile, zawadi ya nini tena?

Nieleze vizuri, nisije nikasahau nikizeeka. Kule Mwanza kuna redio mpya, ya watu binafsi. Mtayarishaji wao anaitwa Januarius. Mwezi wa tano alipita Bariadi, akasimama kwenye kibanda cha Dastan pale sokoni, akasikia kaseti za ngoma ambazo mume wangu amezirekodi mwenyewe vijijini. Alisimama mpaka gari likamwacha. Sasa ametuma kitu hiki. Redio inataka kununua vya namna hii kwa watu wake wa mikoani, ila kwanza wajue kinafanyaje kazi huku kwetu — upepo wetu, vumbi letu, ngoma zetu. Na wa kukijaribu wamemchagua Dastan. Wangeweza kumpa mtu wa Mwanza mwenye suti! Akijaribu mwezi huu wote, atume kaseti na maoni yake. Kikifaa kitabaki kwetu, na Dastan atakuwa mtu wao wa huku.

Ni kidogo kuliko kiganja changu. Cheusi. Kichwani kina vyavu viwili, kimoja kinatazama kushoto na kingine kulia. Stirio. Dastan anasema maiki ya kawaida ina sikio moja, hii ina mawili kama binadamu. Betri yake ni kama kifungo cha shati.

Nimemtazama akiifuta kwa kitambaa, polepole. Nikasema moyoni, Scola, umeolewa na mtu.


Jumatano, 3 Julai

Leo mume wangu amenifunga kitambaa machoni mchana kweupe!

Ni majaribio. Aliweka maiki juu ya stuli katikati ya chumba, akawasha rekoda, akazunguka chumba chote akitikisa kibiriti. Kisha akanivisha hedifoni na kitambaa, akacheza kaseti, nami nikawa naonyesha kwa kidole alipokuwa. Mlangoni. Dirishani. Kwenye ndoo. Sikukosea — isipokuwa pale nilipoonyesha mbele yangu naye alikuwa nyuma. Tukarudia. Nikakosea tena palepale. Kumbe si mimi, ni maiki: kushoto na kulia haidanganyi, mbele na nyuma inachanganya. Dastan akaruka kwa furaha kama tumeokota dhahabu. Anasema masikio yangu ndiyo mzani wake, yake yameharibiwa na spika za kibandani.

Mwishoni kabisa mwa kaseti alisogea upande wa kushoto akanong'ona jambo ambalo haliwezi kwenda Mwanza. Amelifuta. Mimi sikutaka lifutwe.

Kasoro mbili tumeziona. Haitaki kushikwashikwa. Ukiigusa kwa kidole, kwenye hedifoni unasikia ng'ombe anajikuna ukutani. Pia ukiiweka karibu na rekoda inasikia mota yake, kama mbu. Lazima waya uwe mrefu.

Jirani yetu Martha amegonga kuuliza kama tunaumwa, maana mlango umefungwa tangu saa nne. Nikamwambia tunafanya kazi. Akasema naye alipoolewa alifanya kazi sana. Nimecheka mpaka nikakaa chini.


Ijumaa, 5 Julai

Tumekwenda nje ya mji, kwenye njia ya malori ya pamba. Mwaka huu wanunuzi binafsi ni wengi, kila mmoja na gari lake na mzani wake, vumbi halitulii. Dastan alitaka kurekodi lori likipita. Na kweli, kwenye hedifoni lori linaingia sikio la kushoto, linapita katikati ya kichwa, linatokea la kulia na kwenda zake! Niliinama. Nilidhani litanigonga.

Lakini upepo! Sifongo iliyokuja nayo haisaidii kitu. Upepo wa Julai ukiipiga unasikia mtu anachana shuka. Mume wangu alinyong'onyea njia nzima ya kurudi. Alisema huku kwetu bila upepo hakuna ngoma, maana ngoma ni Juni mpaka Agosti, na ndiyo miezi ya upepo.

Nilipofika nyumbani nilichukua vichujio viwili vya chai — harusini tulipewa vichujio kama vile watu walikubaliana — nikavikata mikono, nikaviunganisha mdomo kwa mdomo, maiki ikaning'inia ndani kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Halafu nikachukua shela yangu ya harusi.

Dastan alinishika mkono. Alisema hapana, si shela. Nikamwambia shela imeshafanya kazi yake, wewe umeshapatikana. Nikakata.

Jioni tulirudi palepale, upepo uleule. Kimya. Unasikia majani ya mtama, unasikia ndege, unasikia sauti yangu nikiuliza vipi, vipi. Upepo uko mbali, kama uko kijiji cha pili. Mume wangu alinibeba. Mbele ya dereva wa lori!


Jumapili, 7 Julai

Kasoli, kwa wakwe, baada ya Misa. Mayu — mama mkwe wangu, Ng'washi — amerekodiwa akitwanga na kuimba. Alipojisikia kwenye hedifoni alisema huyo mwanamke anatwanga vibaya, aongeze nguvu.

Lakini kubwa ni hili. Jumamosi ijayo kuna mashindano ya ngoma Kasoli. Upande mmoja chama cha Bagika, upande mwingine cha Bagalu, kama ilivyo tangu enzi za mababu. Ningi wa Bagika, yaani mtunzi na kiongozi wao, ni baba mkwe wangu. Na ningi wa Bagalu wanaotoka Lalago ni baba yangu mzazi, Mayunga! Siku ya kupanga mahari walikaa wanatazamana kama majogoo. Watu walisema ndoa hii haifiki kanisani. Imefika.

Makundi haya hayapokezani. Yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu huku na huyu kule, na watu wanakimbilia anayewafurahisha. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Rekoda za zamani zilikuwa zinakoroga ngoma mbili kama uji. Hii yenye masikio mawili imetengenezwa kwa ajili yetu, hata kama waliotengeneza hawatujui.

Sasa nani atasimama nayo katikati? Dastan hawezi. Mtoto wa ningi wa Bagika, na kidude cheusi chenye waya katikati ya uwanja! Lalago watasema ni dawa ya kuwafunga miguu. Na mtu wa Lalago, Kasoli watamfukuza. Walibishana mpaka uji ukapoa. Ndipo mayu akasema, bila hata kuacha kupepeta:

"Si yupo huyu? Kule ni mtoto, huku ni mke. Nani atamkataa?"

Mimi! Baba mkwe alikuwa amekaa kwa kunipa ubavu, kama desturi inavyotaka. Alimwambia mayu amwambie mkwe asimame imara. Nikapiga magoti, nikasema wabeja, asante, baba.

Hili nalo niandike. Kwetu jina la baba mkwe halitamkwi na mke wa mwanawe. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na bado ulimi wangu haulifiki. Hata humu, ambamo hakuna anayesoma, sitaliandika. Mtu akiniuliza mume wangu ni Dastan nani, nasema Dastan wa Kasoli, basi. Yeye naye jina la baba yangu halitamki, anasema mzee wa Lalago. Tunaheshimiana mpaka tunachekana.


Jumapili, 14 Julai

Jana sikuweza kuandika. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa kushika mti wa maiki.

Walinipanga katikati ya uwanja, maiki juu ya mti niliofungiwa na Dastan nisiiguse, rekoda ndani ya mfuko kiunoni. Mzee mmoja wa Lalago aliizunguka, akainusa, akauliza hiyo nguo nyeupe ni ya nini. Nikamwambia ni shela yangu ya harusi. Akasema mwanamke hawezi kufanya uchawi kwa shela yake mwenyewe. Wakakubali.

Dastan alinifundisha nianze kwa kutangaza, ili Mwanza wajue nani yuko upande gani. Nikasema kwa sauti: "Kulia kwangu ni Mayunga na Bagalu wa Lalago. Kushoto kwangu ni Bagika wa Kasoli."

Kisha ngoma!

Baba yangu alianza kwa vijana wa majembe, wanayarusha juu yanazunguka na kudakwa kwa mguu. Watu wote kwake. Nilifurahi, siwezi kukataa. Ngoma yao kubwa ilisogea karibu yangu mno, taa nyekundu ya rekoda ikawaka haizimiki, na kwenye hedifoni sauti ikawa inapasuka kama bati. Nikarudi nyuma, nikapunguza. Hilo nalo ni la kuwaambia: ngoma ya karibu haiwezi.

Halafu baba mkwe. Mzee mwenye mvi! Alitoka mwenyewe, mabegani mti umelala, kila upande furushi la pamba, akacheza mzani. Mzani wa mnunuzi. Mguu mmoja mfupi, mwingine mrefu, kila mkulima akiweka pamba mzani unachechemea upande wa mwenye gari. Akaimba kwamba zamani tulikuwa na mzani mmoja tukaulalamikia, leo tunayo mizani kama nzige na yote ni vilema. Watu walicheka mpaka wakashikana. Hakuna aliyekuwa pale ambaye hajauza pamba mwezi huu. Wakaanza kukimbia. Walinipita huku na huku, vumbi, vigelegele, kutoka kulia kwenda kushoto. Jua lilipozama kulia kwangu walibaki shangazi zangu na mbwa.

Kasoli imeshinda. Baba yangu alimpungia mpinzani wake fimbo, kwa mbali. Kwao hiyo ni sifa kubwa.

Na kaseti! Tumeisikiliza leo tangu tutoke Misani. Unafumba macho, unawasikia watu wanahama. Kigelegele kinaanza sikio la kulia, kinapita ndani ya kichwa chako, kinatua kushoto. Ushindi unausikia ukitembea! Dastan alilia. Nami nikalia. Kisha tukala viazi.


Jumatatu, 15 Julai

Kaseti imepanda basi la Mwanza, pamoja na barua ya Dastan ya kurasa nne juu ya upepo, vichujio, waya na ngoma ya karibu. Amenisomea yote. Hakuna mtu anayeandika vizuri hivi Bariadi nzima.


Jumamosi, 20 Julai

Nimesikika redioni! Mimi, Scola, sauti yangu, kutoka Mwanza mpaka kibandani kwetu! Sokoni walijaa mpaka meza ya nyanya ya jirani ikaanguka. Nilijifunika kanga uso mzima. Mtangazaji alisema haijapata kurekodiwa ngoma namna hii kanda ya ziwa. Nilimbana Dastan mkono mpaka akaniambia nimwachie vidole vya kazi.

Ila. Lazima niandike na hili.

Mtangazaji alipokuwa anaeleza alisema, mnamsikia Mayunga wa Lalago na wapinzani wake. Kila baada ya wimbo: Mayunga wa Lalago na wapinzani wake. Hata mzani wa pamba ulipokuwa unachezwa, huku watu wanapiga kelele za ushindi: wapinzani wa Mayunga, hao! Kasmiri, muuza chumvi, akauliza kwa sauti, na huyo aliyeshinda hana jina?

Watu wakanitazama. Dastan akanitazama. Nikaelewa pale pale. Nilimtaja baba yangu. Baba mkwe sikumtaja — nisingeweza. Wala sikugundua, kwa sababu kwangu kutomtaja ndiko sahihi. Na barua ya kurasa nne imejaa upepo, jina la baba yake halimo.


Jumapili, 21 Julai

Kasoli. Kiti cha baba mkwe kitupu. Mayu anasema amekwenda kuangalia ng'ombe. Jumapili! Ng'ombe wana watu wao.

Jana alikuwa amealika wazee wote wa Bagika kusikiliza. Alinunua betri mpya. Alivaa shati la harusi yetu. Na leo asubuhi kisimani wamemwamkia hivi: mwangaluka, mpinzani. Kijiji kizima. Mpinzani umelalaje, mpinzani mbuzi wako ameingia shambani kwangu.

Mayu ananihurumia na huku anacheka, nikashindwa kujua nilie au nicheke. Nilimuuliza kama baba amenikasirikia. Akasema:

"Hana hasira na wewe, mwanangu. Na ungetaja jina lake, hapo angekasirika. Mwanamume anataka atajwe na dunia nzima, halafu aheshimiwe na mkwe wake. Vyote viwili."

Lakini mzee ameshawaambia wachezaji wake. Jumamosi ni marudiano Lalago. Kile kidude kikionekana uwanjani, Bagika hawashuki kwenye gari. Na jaribio la mwisho alilotuomba Januarius ni hilohilo la Lalago.

Njiani Dastan alinishika mkono, hakuuachia hata tulipopita watu. Waume wa namna hii ni wachache sana.


Jumanne, 23 Julai

Januarius amepiga simu Posta, tukaitwa. Amefurahi mno! Anasema maiki imefaulu kila kitu, na vichujio vyangu amevionyesha ofisini kwa kuchora. Wanataka Lalago irushwe nzima. Na mtangazaji awe yuleyule, mwanamke, yaani mimi, kutoka katikati ya uwanja. Safari hii majina yote mawili, maana wasikilizaji wamepiga simu kuuliza. Bila majina hakuna kipindi.

Dastan akamweleza desturi yetu. Akacheka, si kwa dharau, akasema basi jina la baba yako litamke wewe nyumbani, sisi tutalibandika.

Tulijaribu. Dastan alitamka chumbani, nikaunganisha na ngoma. Aibu! Masikio mawili yanasikia kila kitu, hata ukuta. Mimi niko uwanjani kwenye upepo na vumbi, ghafla mwanamume anaongea kutoka ndani ya kabati, kisha tuko uwanjani tena. Hata Martha, ambaye kazi yake ni kufuma, alituuliza kwa nini tumemfungia mtu kabatini.

Nikasema basi nisitangaze mimi, atangaze Dastan hukohuko katikati, yote mawili. Akanitazama. Jina la baba yangu je? Yeye naye halitamki.

Tukakaa kitandani tukicheka kama wehu. Nyumba moja, baba wawili, na kila mmoja wetu ana jina moja tu mdomoni.


Alhamisi, 25 Julai

Nilikuwa nakunja shuka, yeye kashika pembe zake, mimi zangu. Nikaacha kukunja. Nikamwambia, wewe sema wako, mimi niseme wangu. Hapohapo katikati. Wewe kushoto, mimi kulia. Maiki si ina masikio mawili?

Alidondosha shuka.

Amepanda baiskeli mpaka Kasoli kumwambia baba yake. Nilimsubiri mlangoni kama mtoto. Anasema mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: nani atatajwa kwanza? Mume wangu, nampenda, akajibu, "Kwa pamoja, baba. Kama ngoma zenyewe." Tutavuta pumzi pamoja na kutamka pamoja, na mwenye hedifoni atasikia kila jina sikioni pake.

Mzee akasema tutaona. Mayu akamfuata Dastan mpaka njiani kumwambia kwamba kwa mzee huyo tutaona ni ndiyo. Ila sharti lake ni hilo: Dastan asipokubaliwa katikati, gari linageuka.

Tumefanya mazoezi. Tunafika pamoja kabisa, ila jina la baba mkwe likitoka kinywani mwa Dastan mimi nainamisha kichwa. Siwezi kuzuia. Anasema nisijali, kichwa hakisikiki.

Nimeoa — hapana, nimeolewa — na furaha inanichanganya hata Kiswahili.


Jumamosi, 27 Julai. Lalago

Naandikia gotini, nimekaa kwenye furushi la pamba kando ya uwanja. Maiki iko kwenye mti wake mbele yangu, imevaa shela. Rekoda mapajani. Kila kitu tayari isipokuwa watu.

Wa Kasoli wamefika. Hawajashuka. Gari limesimama kwenye ukingo wa uwanja, ngoma bado zimefungwa kamba, baba mkwe amekaa mbele karibu na dereva, anatazama kioo moja kwa moja kama vile Lalago hakuna kitu. Mayu yuko nyuma na wachezaji. Amenipungia kwa kificho.

Huku wa kwetu wamekaa kikao. Nawasikia vizuri. Shangazi Nyanjige, dada yake baba, ndiye anayeongea zaidi. Anasema mtoto wao wanamkubali, hata asimame na sufuria kichwani. Huyo mumewe hapana, nani anajua mifukoni mwake mna nini. Athanasi, mpiga ngoma kubwa, anasema mara ya kwanza tulisimamisha mwanamke mmoja tukashindwa, safari hii wanataka kusimamisha na mtoto wa ningi wao, kwa nini wasisimamishe na mganga kabisa? Wanacheka, lakini si kicheko kizuri. Vijana wa majembe wanasema gari likigeuka ni ushindi wao wa bure.

Ushindi wa bure! Mahari ilipangwa kwa shida, harusi ikapita kwa shida, na leo baba zangu wawili watarudi kutazamana kama majogoo, kwa sababu yangu. Nilitaka kusimama niseme. Lakini mimi ni mtoto kikaoni.

Baba, ningi wao, bado hajatoa uamuzi. Amekaa na fimbo yake.

—Dastan amesimama.

Anakwenda katikati ya uwanja. Peke yake. Hakuaga hata mimi. Ngoma za mazoezi zimenyamaza moja moja. Amefika. Amevua shati, amelikung'uta, ameliweka chini. Amevua viatu, amevipindua. Sasa anatoa mifuko ya suruali nje, yote, imening'inia kama masikio ya mbuzi. Amenyoosha mikono, anajizungusha polepole watu wote wamwone. Hana kitu. Mume wangu! Mbele ya Lalago nzima, mbavu zote zinahesabika!

Shangazi Nyanjige amesema kwa sauti, "Dawa hana. Na chakula pia hana. Scola, humpikii?"

Uwanja mzima umecheka. Hata kwenye gari wamecheka. Hiki ni kicheko kingine.

Athanasi bado anatikisa kichwa. Anasema dawa ya siku hizi haikai mfukoni.

Baba amesimama. Anaingia uwanjani. Anamwendea Dastan. Mkwe na baba mkwe hawasogeleani hivi, tangu harusi hawajawahi, Dastan ametazama chini kama inavyopasa lakini hajarudi nyuma. Baba amemsogelea kuliko nilivyowahi kuona mtu akimsogelea mkwe wake. Mlango wa gari umefunguka. Ni baba mkwe, ameweka mguu mmoja chini.

Baba ameokota lile shati, amelikung'uta, anampa Dastan, na anafungua mdomo.

Taa ya kurekodi inawaka hapa mapajani. Nimeiwasha bila kujua, mkono wangu umeiwasha wenyewe. Maiki hii inasikia hata nzi. Kalamu yangu itasikika ikikwaruza juu ya sauti yake. Naiweka ch